Mdogo anakojoa kitandani na kucheza vita, dada yake halii kabisa: je, watoto waliotoka vitani watasahau wenyewe?

Swali: "Habari daktari. Dada yangu kaja kukaa kwangu na watoto wake wawili, walikimbia vita, sasa ni miezi mitano. Wa kiume ana miaka 7, wa kike 13. Baba yao walipotezana njiani, mpaka leo hatujui yuko hai au la. Huyu mdogo anakojoa kitandani karibu kila siku na zamani alishaacha, mlango ukijigonga anaingia chini ya meza, usiku anapiga kelele. Na ana mchezo mmoja tu kila siku, anapanga vizibo vya soda anasema hawa watu, halafu anavipiga na kiatu anasema wote wamekufa. Mume wangu anasema ni kudekezwa, apelekwe bweni akanyooke. Jirani anasema mapepo. Mama mkwe anasema tusiongelee kabisa hayo mambo, watoto husahau. Rafiki yangu kaniambia nimkalishe chini nimlazimishe aseme yote atoe moyoni. Yule wa kike namshukuru Mungu hana shida, halii, anafanya kazi zote, shuleni anaongoza, kasoro yake ni kuficha mkate chini ya godoro tu. Mdogo akiuliza baba tunamwambia kasafiri. Dada yangu mwenyewe siku hizi haongei, anashinda kwenye simu. Nifanye nini, na hawa watoto watakuja kuwa watu wazima wa kawaida kweli?"

Jibu: Asante mama mdogo kwa kuandika yote bila kuficha. Naanza na hilo la mwisho maana nadhani ndo linalokunyima usingizi. Hawa watoto wameumia, hawajaharibika. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba kati ya watu walioishi kwenye maeneo ya vita ndani ya miaka 10 iliyotangulia, takriban mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, iwe sonona (huzuni nzito isiyoondoka), wasiwasi uliozidi, kiwewe (hofu inayobaki baada ya jambo la kutisha) au mengineyo. Ni wengi mno, sikatai, lakini maana yake pia ni kwamba walio wengi wanapita hapo hapo na kusimama tena, na vitu vinavyowasaidia kusimama vinajulikana na vingi viko ndani ya uwezo wako. Kuhusu washauri wako wanne, hakuna hata mmoja ningemfuata moja kwa moja. Na nikuambie mapema, katika nyumba yako mtoto anayenipa wasiwasi zaidi sio huyu wa vizibo, ni dada yake. Nitafika kwake.

Kwanza hili la kusahau. Mama mkwe anasema kwa upendo kabisa, lakini mtoto akinyamaza huwa tunadhani kasahau wakati mara nyingi kanyamaza kwa sababu kila akitaja vita anaona sura za wakubwa zinabadilika, mama anatoka nje, shangazi anabadilisha mada, basi naye anajifunza kwamba hilo jambo ni lake peke yake. Na mwili hausahau kirahisi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, kazi yake kugundua hatari haraka kabla hata hujafikiri. Ikishtuka inaamsha mwili mzima, homoni za hofu, adrenalini na kortisoli, zinamwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, mtoto yuko tayari kukimbia au kujificha. Kule vitani hiyo ndo ilisaidia kumuokoa. Sehemu nyingine, hipokampasi, yenyewe inapanga kumbukumbu, kwamba hili lilitokea wapi, lini, na limeshapita. Hofu ikiwa kubwa sana hii ya pili haifanyi kazi yake sawasawa, kwa hiyo tukio linabaki vipande vipande, mlio, harufu, mwanga, bila tarehe. Mlango ukijigonga kwako, mwili wa huyo mtoto unapata taarifa kwamba bomu linaanguka sasa hivi, na miguu inaenda chini ya meza kabla yeye hajaamua. Wahenga walishasema mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hakuna fimbo inayoweza kumfundisha mtu kutoshtuka, fimbo inaongeza unyasi.

Ndo maana kwenye bweni nitakuwa mkali kidogo, naomba umsomee mume wako sehemu hii na umsomee kwa upole maana simlaumu, miezi mitano ya kuamshwa usiku inamchosha yeyote. Kitu kinachotuliza ile hofu kwa mtoto ni mtu mzima anayemjua, aliye karibu, aliyetulia. Ukimtoa huyo mtu umeondoa dawa yenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vilitufundisha hili kwa gharama kubwa. London ilipopigwa mabomu kuanzia Septemba 1940 mpaka Mei 1941, watoto wengi wa mijini walikuwa wameshahamishiwa vijijini kukaa na watu wasiowajua, na wataalamu wa saikolojia ya watoto, Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham, waliokuwa wanaendesha vituo vya kulea watoto kule Hampstead, mtaa wa London, wakaona jambo ambalo wengi hawakulitegemea, kwamba mtoto aliyekaa na mama yake aliyetulia, hata mabomu yakilia juu, mara nyingi alihimili vizuri kuliko yule aliyetenganishwa na watu wake akapelekwa penye usalama. Finland nao walipeleka watoto kama 70,000 Sweden wakati wa vita hivyo hivyo, kwa nia njema kabisa, na watafiti waliowafuatilia baadhi yao hadi uzeeni wakakuta dalili za sonona zaidi kwa wale waliotenganishwa na wazazi kuliko kwa wenzao waliobaki nyumbani. Usinielewe vibaya, mabomu yanaua na mtoto lazima atolewe kwenye hatari. Ila huyu wa kwako ameshatoka, na baba ameshapotea, sasa kumwambia funga begi uende ukakae na wageni ni kumpotezea nyumba mara ya pili. Shule aende, tena aende sana, maana ratiba ya shule na marafiki ni sehemu ya tiba, lakini jioni arudi kwenu. Na mume wako ana nafasi ambayo wewe huna, huyo mtoto kapoteza mwanaume aliyekuwa anamtegemea, akipata baba mdogo anayemsalimia kila jioni na kumwita kwa jina na kukaa naye hata robo saa, hiyo ni zaidi ya chochote nitakachoandika hapa.

Mkojo. Asichapwe, asianikwe, asitangazwe kwa wageni, asikae na nguo mbichi kama fundisho. Hafanyi makusudi, amelala. Mtoto aliyekuwa ameacha halafu akaanza tena baada ya hofu kubwa ni jambo tunaloliona sana na huwa linaisha hofu ikipungua. Mpeleke kwanza zahanati wapime mkojo na sukari na waulize kama anapata choo kigumu, maana kuna maambukizi, kisukari na kufunga choo ambavyo navyo vinaleta hivi na itakuwa vibaya kusingizia vita kila kitu. Baada ya hapo ni mambo madogo madogo tu, apunguze kunywa sana saa ile ya mwisho kabla ya kulala, aende chooni ndo alale, njia ya chooni iwe na taa, weka nailoni juu ya godoro na shuka la akiba karibu ili usiku iwe dakika mbili bila maneno. Ukitaka kumsifia msifie kwa kile anachokiweza, kwamba alikumbuka kwenda chooni, usimpe zawadi kwa kuamka mkavu kisha ukamnyima akiamka kalowa, hapo unamhukumu kwa kitu alichokifanya usingizini.

Kelele za usiku. Usimtikise, usimwashie taa kali usoni. Kaa usawa wake, sauti ya chini, taja jina lake halafu mwambie alipo: "Uko kwa mama mdogo. Sasa ni usiku. Ule ulikuwa mlango, nimeufunga. Mama yuko hapa. Hapa hakuna risasi." Mpe maji, aguse shuka, aguse ukuta, aone chumba. Unamsaidia kuweka ile tarehe ambayo ubongo haukuiweka. Ila usimuahidi kwamba hakuna kitu kibaya kitakachotokea tena maishani, ameshaona vibaya vinatokea na atajua unamdanganya. Mwambie kilicho kweli, kwamba usiku huu yuko salama na nyie mko macho kwa ajili yake. Na dawa za usingizi usimpe kwa ushauri wa mtu wa dukani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 ulikataza dawa za jamii ya diazepam kwa watoto waliokosa usingizi baada ya tukio la kutisha hata ule mwezi wa kwanza ambao ndo mgumu zaidi, kwa hiyo dawa yoyote iamuliwe na daktari aliyemuona.

Huo mchezo wa vizibo usiukataze na wala usiuogope. Mtoto wa miaka 7 hana maneno ya kutosha kwa alichokiona, anakisema kwa mikono. Ninachokiangalia mimi ni kama mchezo unasogea. Kuna mtoto leo wamekufa wote, wiki ijayo mmoja anajificha anapona, baadae inakuja ambulensi, baadae wanajenga nyumba, huyo anajitibu mwenyewe mwache. Kuna mwingine anarudia vile vile, uso mkavu, hafurahi, hapati nafuu, akimaliza anaanza tena, na kwa ulivyoeleza wa kwako anaelekea huku. Kaa naye sakafuni. Usimnyang'anye kiatu. Chukua kizibo kimoja uulize tu, "Na huyu akitaka kujificha aende wapi?" au "Nani anakuja kuwasaidia hawa?" Akikataa acha, jaribu kesho kutwa. Siku akikipeleka kizibo kimoja chini ya sahani kikapona, hapo pana kazi kubwa imefanyika kuliko inavyoonekana.

Rafiki yako anayesema umlazimishe aseme yote, hapana. Zamani hata sisi wataalamu tuliamini mtu akikalishwa mara moja akasimulia kila kitu anatoka mwepesi, ikapimwa, ikaonekana haisaidii na wengine wanazidi kuumia, ndo maana Shirika la Afya Duniani halishauri tena. Kuna tofauti kubwa kati ya kufungua mlango na kumsukuma mtu apite. Wewe fungua tu, mwambie siku ukitaka kuniambia kuhusu kule mimi nitasikiliza na sitakasirika, halafu siku akisema kitu, pengine mkiwa mnafua au mnatembea, sikiliza mpaka mwisho, usimkatize, usiseme "basi basi usikumbuke". Na wageni wanaokuja kumuuliza "hebu tuambie mliona nini" wazuie mlangoni, pamoja na wanaotaka kupiga picha.

Jirani wa mapepo nitapita haraka. Kama familia yenu inasali, salini naye, sala na tiba havigombani na watoto wengi wanatulia wakiombewa na watu wanaowapenda. Lakini kufungwa, kunyimwa chakula, kuchapwa ili pepo atoke, kuitwa mwenye pepo mbele ya watoto wenzake, hapo msikubali hata mara moja. Kule Sierra Leone baada ya vita vya 1991 hadi 2002, watoto waliokuwa wametumikishwa na vikundi vya wapiganaji walifuatiliwa kwa miaka mingi, na moja ya mambo yaliyoonekana wazi ni kwamba waliopokelewa na familia na jamii na kurudi shule waliendelea vizuri, na walionyooshewa vidole wakazidi kuumia. Fikiria hilo kabla hamjampa mtoto jina.

Baba. Mama mdogo, acheni kusema kasafiri. Najua ni huruma, ila mtoto anajua watu wanaosafiri huaga na hupiga simu, kwa hiyo anabaki na maelezo mawili tu, baba hanipendi au nilifanya kosa. Watoto wa umri huu wanajibebesha lawama kwa mambo ambayo hata hungeyawaza, kwamba nililia njiani ndo maana, nilichelewa kuvaa viatu ndo maana. Mwambie mama yake akiwepo, kwa maneno mafupi: "Hatujui baba yuko wapi. Tulipotezana naye kwa sababu ya vita, sio kwa sababu yako. Tunamtafuta. Tukijua chochote tutakuambia, hata kama sio habari nzuri." Atauliza tena kesho, mjibu hivyo hivyo. Na mtafuteni kweli, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani, bila malipo, mnaanzia ofisi ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu ya nchi mliyopo.

Sasa binti. Umeandika hana shida, na nimeisoma hiyo sentensi mara kadhaa. Mtoto wa miaka 13 aliyempoteza baba, aliyekimbia vita, halii, anafanya kazi zote, anaongoza darasani na anaficha mkate chini ya godoro. Huo mkate unasema yote mama mdogo. Yeye bado yuko njiani, anasubiri kukimbia tena, na safari hii kajipanga. Naomba umchunguze kimya kimya, je akikaa anachagua kiti kinachotazama mlango, je analala na nguo za kutokea, je mdogo wake akipiga kelele anayefika wa kwanza ni nani. Nakisia ni yeye. Huko njiani mama alipoishiwa nguvu yeye akawa mzazi, na huenda kazi hiyo ndo inayomshikilia asianguke, kwa hiyo usimnyang'anye ghafla ukamwambia wewe mtoto kacheze, atajiona hana kazi duniani. Mpunguzie kidogo kidogo. Usiku mwambie leo zamu ya kumuamkia mdogo wako ni yangu, na uamke kweli, maana ukikosa mara moja ameshajua hawezi kukutegemea. Mkate usiutupe na usimseme, mpe kopo lenye mfuniko lake mwenyewe la kuweka chakula, mwambie hiki ni chako na hakuna atakayekigusa. Atakapoamini kwamba kesho kipo ataacha mwenyewe.

Wa aina yake huwa tunawakosa kwa sababu hawasumbui. Ganzi ya moyo, kutolia, kutojisikia chochote, kujilaumu kwamba angeweza kumuokoa baba, hizo ni dalili kamili sawa na kukojoa kitandani, ila hazilowanishi shuka kwa hiyo hakuna anayempeleka kliniki. Kuna jambo jingine naligusa kwa uangalifu, vitani na njiani mabinti, na wavulana pia, hufanyiwa ukatili wa kingono na wengi hawasemi kwa aibu au kwa kumlinda mama. Usimhoji. Mtafutie nafasi ya kuonana na nesi au daktari wa kike faragha bila ndugu chumbani, na siku moja mkiwa wawili mwambie kwamba kuna mambo watu wanawafanyia watoto kwenye vita, na ikiwa lilikupata lolote sio kosa lako na mimi nitakuwa upande wako. Halafu muachie. Na ukimsikia akisema anatamani angekufa yeye badala ya baba, au maisha hayana maana, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo kichwani, kunampa ruhusa ya kusema.

Dada yako ndo nguzo ya haya yote na yeye mwenyewe amechoka. Unasema anashinda kwenye simu, bila shaka anatafuta habari za mume wake na za kwao, lakini huyo mdogo anasikia ile milio ya video na kwa mwili wake vita viko sebuleni. Mwombe asiangalie watoto wakiwepo, au awe na saa yake ya kuangalia akiwa chumbani, halafu simu iwekwe mbali. Usimwambie jikaze kwa ajili ya watoto, ameshajikaza mpaka basi. Hali ya mzazi na hali ya mtoto baada ya vita huwa zinaenda pamoja, mama akipata nafuu watoto nao huwa wanapata, kwa hiyo kumpeleka yeye kliniki ni sehemu ya kuwatibu wao.

Mwisho ni hili la kumuona mtaalamu. Watoto wengi dalili hizi zinapungua wenyewe ndani ya wiki au miezi michache wakishakuwa salama, na kawaida tunasema zikizidi mwezi na zinaharibu usingizi, shule au mahusiano mtoto aonwe. Nyie mko miezi mitano, mimi ningewapeleka wote wawili, bila haraka ya kutisha lakini wiki hizi sio mwaka ujao. Haraka ya leo leo ni kama kuna mazungumzo ya kujiua, anajidhuru, hali chakula, haongei kabisa, anaona au kusikia vitu visivyokuwepo, au anamuumiza mwenzake. Ulizieni kitengo cha afya ya akili hospitali kubwa iliyo karibu, au kama mmesajiliwa kama wakimbizi, mashirika yanayowahudumia mara nyingi yana washauri wa watoto. Uliza swali moja la wazi, mnatibu kiwewe cha watoto kwa njia gani. Unataka kusikia tiba ya mazungumzo ya vikao kadhaa, inayomfundisha kwanza kutuliza mwili halafu polepole inapitia kilichotokea. Mojawapo inatandika kamba sakafuni iwe ndo maisha ya mtoto tangu azaliwe, anaweka ua kila palipo na jambo zuri na jiwe kila palipo na baya, halafu wanatembea nayo kwa mpangilio mpaka kila jiwe lipate mahali na tarehe yake. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kisomali kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kaskazini mwa Uganda washauri wa kawaida wa jamii waliopewa mafunzo waliweza kuitoa kwa vijana waliotekwa na waasi na ikasaidia, matokeo yakachapishwa 2011. Kwa hiyo msikate tamaa mkikosa daktari bingwa, mshauri aliyefundishwa vizuri na anayesimamiwa anatosha kuanza. Mkikuta mtu anayetaka mtoto asimulie kila kitu kikao cha kwanza, au anawapa vidonge bila hata kuongea naye, tafuteni mwingine.

Siku ya kwanza nendeni na dada yako naye aingie aandikishwe, na umwambie binti mapema kwamba mnaenda wote, asije akadhani anasindikiza mdogo wake.